Waume Wawili Mlangoni

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimepewa waume wawili kwa mpigo.

Nilikwenda shuleni kumpelekea Mwalimu Evode suruali ya mchezo mpya. Hiyo ndiyo kazi yangu katika kundi lake la maigizo: nashona. Nimevalisha michezo mitatu na sijawahi kusimama mbele ya watu, hata kusoma tangazo kanisani. Nikamkuta Béata amekaa dawati la nyuma, mikono kaikunja kifuani, na Evode anazunguka darasa zima bila kumwangalia.

"Kétsia, unajua kusoma kwa sauti?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Basi weye njo utakuwa bibi."

Mimi ndiye bibi! Bibi wa mchezo, yaani mke, alikuwa Béata tangu Juni. Amekataa na hakusema kwa nini. Mchezo wenyewe ni huu: mwanaume ameenda kuchimba mawe ya madini, miaka inapita, mkewe anaambiwa amekufa, anaolewa tena. Jioni moja mume wa kwanza anabisha hodi. Wa pili yuko mezani anakula. Hapo mchezo unasimama. Evode anawageukia watu na kuuliza: nani aingie, nani atoke? Anayetaka anapanda, anamgusa mchezaji begani, anashika nafasi yake. Sisi hatuna mwisho. Mwisho ni wao.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Kijiji chetu chote cha Karuba kinajua kwamba mume wa Béata, Darius, alishuka Walikale kutafuta kazi, na huu ni mwaka wa nne bila habari. Béata anaishi na mama mkwe wake, Mama Uwamwezi, wanalima pamoja shamba la mlimani. Karuba nzima inajua pia kwamba Evode anamtaka Béata. Sasa Evode ameandika mchezo wa mwanamke kama huyo, na mume wa pili anacheza yeye mwenyewe. Hivi mtu anaweza kuposa namna hiyo, mbele ya soko? Niliona haya kwa niaba yake.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua tangu saa sita. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mume wa kwanza ni Viateur, yule wa pikipiki. Anabisha mlango kama polisi. Kila akibisha mimi naruka, sahani inaanguka, watoto dirishani wanacheka.

Béata amekuja kutazama. Nililia pale nilipoandikiwa nilie, nikadhani nimefanya vizuri.

"Hapana," akasema. "Bibi hawezi kulia mbio vile. Kwanza ataangalia chungu. Ataona chakula haitoshi watu watatu. Njo atalia."

Alisema mbele ya wote. Nadhani ananionea wivu. Nafasi ameikataa yeye, sasa anakuja kunifundisha kilio.

Jumatano, 17 Septemba

Kila mtu shambani, wanapanda maharagi. Nimeshona peke yangu.

Jumamosi, 27 Septemba

Mushaki, siku ya soko. Nimecheza! Kifuniko cha chungu kiliniponyoka mara mbili, na watu wakadhani ndivyo mchezo ulivyo.

Niliangalia chungu kwanza, kama alivyosema Béata. Mwanamke mmoja mbele akasema "Ehee!" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeguswa kidonda. Basi Béata alisema kweli. Hilo nalo limenikera.

Kisha Evode akauliza swali lake, soko likalipuka. Mzee mmoja alipanda, akamfukuza Evode mezani: ndoa ya kwanza ni ya Mungu. Kijana akapanda akamfukuza Viateur: anayeacha mke bila hata salamu ameacha. Mama muuza vitunguu akanigusa begani, akawaambia waume wote wawili watoke nje, akakaa akala. Watu walicheka mpaka wakashikana. Lakini huko nyuma wanaume wawili walikuwa wameshikana kweli, kola kwa kola, na hawakuwa wanacheka.

Papa yangu, Papa Muhindo, alifunga duka mapema kuja kunitazama. Tukiwa njiani akasema: "Kwetu Butembo mchezo inaisha, watu wanacheka, wanaenda kulala. Hii yenu watu wanaenda nayo nyumbani wakigombana. Ni ya faida gani?"

Mimi mwenyewe nilikuwa naenda nayo nyumbani.

Jumatano, 1 Oktoba

Watu sokoni wananiita Mama Bwana Wawili. Mmoja ameniuliza kwa dhati kabisa nilimchagua nani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumeitwa kwa mkubwa wa askari wanaoshika eneo letu sasa. Evode, Viateur na mimi. Alitukalisha kwenye benchi kama wanafunzi, yeye akiwa na karatasi za mchezo mkononi.

"Huyu bwana wa kwanza anayerudi ni nani?"

"Ni mutu tu, chef," Evode akajibu, akimwita kama askari wake wanavyomwita. "Alienda kuchimba mawe."

"Na huyu wa pili? Mwenye amekaa anakula sahani ya mwingine. Njo sisi?"

Viateur alianza kucheka, akaacha katikati.

"Ni mutu tu, chef. Ni mambo ya ndoa."

"Na mwanamke? Mwanamke njo inchi?"

Mimi niliyedhani ni mwanamke tu, si nchi, nikaangalia viatu vyangu. Walinzi wawili mlangoni nao waliniangalia, kana kwamba wanatafuta mipaka yangu. Nilitaka kusema: baba, mimi ni mshonaji.

Tulikaa pale mpaka jua likageuka. Mwisho akasema mchezo umesimama hadi amri nyingine, na tuandike mwisho, kwa sababu "mchezo bila mwisho ni ya watu wenye kujificha."

Njiani Evode alitembea mbele yetu. Kisha akageuka. "Pengine chef iko na haki," akasema. "Pengine niliandika inchi bila kujua." Nilimwangalia. Mimi nilidhani alimwandika Béata. Sasa hata mwenyewe hajui aliandika nini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Maharagi yameota. Hakuna mchezo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika ili nisiliseme kwa mtu.

Trésor amefika leo na mafuta ya mawese. Ni binamu yangu upande wa Papa. Anayapitisha kwa pikipiki toka Walikale, kizuizi baada ya kizuizi, na njia zile anazijua kuliko wenye nazo. Alikuwa Mushaki siku ile tulipocheza, akaondoka kabla sijamsalimu. Tulikuwa tunapima mafuta dukani, Papa ameenda kusali, akaanza kucheka.

"Ile mchezo yenu, dada. Mimi namujua huyo bwana."

"Bwana gani?"

"Mwenye kupotea. Kule Buleusa, mu Walikale, kuko mutu anapasua mbao, anatoka hapa hapa Karuba. Darius. Iko na bibi kule, na katoto kanatembea."

Mafuta yalinimwagikia miguuni. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema amelala kwake mara nyingi, ni mtu mpole, hanywi.

"Hauliziaka kwao?"

"Anasema kwao wote waliisha kufa wakati ya vita."

Wote wamekufa! Mama yake alipita dukani jana kununua chumvi.

Nimemwapisha Trésor asiseme kwa mtu. Akaapa, akaniuliza: "Lakini weye utasema?" Na mimi sijui. Kwenye mchezo kila mtu anajua la kufanya. Wanapanda jukwaani mbio.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mama Uwamwezi amekuja kunishonesha shati la Darius. Ameleta kitambaa kizuri cha mistari. Nikamwuliza vipimo.

"Weye njo fundi," akasema. "Mwanaume, mu miaka ine, anaongezeka ao anapunguka?"

Nikasema inategemea anakula nini. Akafikiri sana. "Basi acha nafasi kidogo," akasema.

Nimekata kitambaa bila kumtazama. Ningeweza kumwambia palepale, mkasi ukiwa mkononi. Sikuweza. Nilijiambia ni haki ya Béata kujua kwanza. Kisha nikajiambia hiyo ni sababu ya mwoga. Kisha nikajiuliza: na Béata nikimwambia, nitakuwa nimemletea nini, mume au kifo?

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Kanisani watu wanatoa majina ya wafu wao yasomwe. Nilikaa nyuma ya Béata na Mama Uwamwezi. Katekista alipita na kikapu, Mama Uwamwezi akatia jina la mumewe tu. Kikapu kikafika kwa Béata. Hakutia kitu. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Evode, upande wa wanaume, alikuwa anamtazama.

Mtu anayengoja hutazama mlango. Béata alikuwa anatazama mbele, kama mtu ambaye hangoji chochote. Hilo limenitia wasiwasi.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesema.

Nilimkuta mlimani anapalilia. Mama Uwamwezi alikuwa amebaki nyumbani anaumwa kifua. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua wa ng'ombe, hatukuona hata nyumba za chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na yote yakanitoka.

"Dada Béata, Darius iko muzima. Iko Buleusa."

Hakuacha jembe. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari, akanyooka, akapangusa uso.

"Nani alikuambia?"

"Trésor."

"Alikuambia na juu ya bibi?"

Nilikaa chini kwenye udongo mbichi. Nilisikia ubaridi ukipanda sketi na sikujali.

"Unajua?"

"Tangu mwaka jana. Mutu alinipatia namba. Nikapiga, mwanamke akaitika. Nikadhani nimekosea. Nikapiga tena, akaitika Darius mwenyewe." Alitazama ukungu. "Kétsia, sikumutukana. Nilisema tu, ni mie Béata, tuko wazima, na mama iko muzima. Kisha akasema: 'Mimi niliisha kuwalilia. Musinianzishe tena.' Akakata."

Kwa mbali ng'ombe alikuwa analia ndani ya ukungu, hatukumwona.

"Ile mchezo," akaendelea, "haitokake kwa Evode. Mimi njo nilimupa. Nilimwambia, andika mwanaume anarudi. Yeye akajitia mu nafasi ya bwana wa pili, ile ni yake. Mimi nilitaka tu kuona mutu anarudi."

"Na juu ya nini ulikataa kucheza?"

"Siku Viateur alibisha mara ya kwanza, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, mwili muzima. Nikaogopa ile furaha."

Na mimi nilidhani ni wivu! Nimekaa naye wiki nyingi na sikuona kitu. Nikamwuliza kwa nini hajamwambia Mama Uwamwezi. Alijibu haraka, kama mtu aliyejiuliza mara nyingi: akimwambia, mama ataondoka kumfuata, na njia ile kwa vita hii itamwua.

Kisha, kwa sauti nyingine: "Na kama anaenda, mimi niko nani pale nyumbani? Shamba ni ya mutoto yake."

"Sasa sababu ya kweli ni gani, dada?"

"Byote," akasema, yaani vyote viwili, akarudi kwenye mstari mwingine.

Nilitelemka mlima nikiwa sielewi kama nimeongea na mwanamke mwema sana au na mtu anayelinda shamba. Kila nikichagua jibu, lile lingine linabisha.

Jumanne, 11 Novemba

Shati limekwisha. Mama Uwamwezi amelikunja kama la padri. Nimelipwa mayai, nimeshindwa kuyala.

Jumamosi, 15 Novemba

Mkubwa amehamishwa. Wa sasa amemwita Evode, akasoma ukurasa mmoja, akamrudishia. "Mutu aingie, mutu atoke, mimi siko padri. Muchezee watu." Evode anasema labda huu ni mtego. Viateur anasema labda ni mvivu wa kusoma. Tunacheza Jumamosi ijayo, hapa hapa Karuba.

Béata aliposikia aliomba tusicheze. Evode akauliza sababu. Hakuitoa. Evode akanitazama mimi, akaona ninayo, na tangu pale hasemi nami vizuri.

Jumamosi, 22 Novemba

Siwezi kulala, basi niandike yote.

Tulicheza kwenye uwanja mbele ya shule. Asubuhi mvua ilinyesha, mchana ikatuachia. Mlima mzima ulishuka. Mama Uwamwezi alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti alichobebewa, amejifunga kikwembe kipya, Béata amesimama nyuma yake. Nilipowaona, maneno ya kwanza yalinipotea na Evode akanisaidia kwa kukohoa.

Viateur akabisha. Niliangalia chungu. Evode akaacha kijiko. Kisha akainuka, akauliza watu: "Nani aingie, nani atoke?"

Kabla mtu hajanyanyua mkono, Mama Uwamwezi alisimama. Alitembea hadi kwetu polepole, hakumgusa mtu bega. Akaangalia nyumba yetu ya mchezo, ya mbao na turubai, akaangalia huku na huku.

"Mama yake iko wapi?"

"Mama," Evode akasema kwa heshima, "mchezo hii haina mama."

"Iko na kosa," akasema. Watu wakacheka. Akavuta kigoda changu cha jikoni, akakaa. "Sasa iko na mama. Mwambie aingie."

Viateur alimtazama Evode, kisha akaingia. Alipiga magoti mbele yake. Hilo hatukulifanya mazoezini kamwe. Mama Uwamwezi akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza upande huu na upande ule, kama anayenunua.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, Mama."

"Kule unalalaka wapi?"

"Niko na nyumba, Mama."

"Nani anakupikia?"

Viateur hajui kitu. Naapa hajui. Aliniangalia, nikaangalia chini, na yeye akatafuta jibu lolote la mtu aliyepotea miaka minne.

"Kuko... bibi, Mama."

Watu wakaguna, uwanja mzima. Mama Uwamwezi hakuguna.

"Analima?"

"Analima."

"Basi." Alimwacha uso. Akageuka kwangu, mimi niliyekuwa bado nimesimama na sahani. "Na weye, mutoto yangu, acha kusimama. Ulimungojea, inatosha. Kaa, ukule."

Nikakaa.

Mzee mmoja akapiga kelele toka nyuma: "Mama, na ndoa je? Arudi ao asirudi?"

"Mimi sikuombaka arudi," akamjibu. "Niliombaka awe muzima. Kurudi njo mulitia ninyi."

Hakuna aliyepanda baada ya hapo. Evode alisimama mikono imelegea, hakumaliza maneno ya kuaga. Nilimtafuta Béata nyuma ya kile kiti. Hakuwapo.

Je, Mama Uwamwezi anajua? Au alikuwa anacheza, kama watu wote wanavyocheza, kwa kubahatisha? Nilimsindikiza nyumbani nimemshika mkono. Nikamwambia, Mama, ulisema maneno makubwa. Akanijibu kwamba Viateur ni mtoto mzuri, ila miguu yake inanuka petroli.

Jumapili, 23 Novemba

Béata alimwambia Mama Uwamwezi asubuhi hii, baada ya misa, mimi nikiwapo kwa sababu aliniomba niwepo. Alisema yote: namba, mwanamke, mtoto, na lile neno la kuwa amekwisha kuwalilia. Mama Uwamwezi alisikiliza huku anachambua sombe, majani ya muhogo. Mwisho akauliza: "Katoto ni kijana ao binti?" Béata akasema hajui. Akamkaripia kwa hilo tu. Si kwa mwaka wa kuficha. Kwa kutouliza ni kijana au binti.

Kisha akaingia chumbani, na tukamsikia analia, sauti ndefu, bila kujificha. Béata alibaki mlangoni. Hakuingia wala hakuondoka.

Jioni Evode alikuja, habari zilikuwa zimemfikia. Alisimama uani.

"Nilisimama mbele ya watu nikicheza bwana ya mujane," akasema. "Na bwana iko, anapasua mbao. Ulinifanya nini, Béata?"

"Sikukuitika hata siku moja."

"Hukukataa."

"Sikukataa," akasema Béata.

Wote wawili walisema kweli. Nilitaka kumchukia mmoja wao ili nipumzike, nikashindwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Mama Uwamwezi ameondoka na Trésor. Tulimkataza wote: Papa, padri, mimi. Njia ina vizuizi, ina matope, ina bunduki za kila rangi. Akatuuliza kama kukaa hapa hakuna bunduki. Béata hakumkataza. Alimfunga kwenye pikipiki kwa kikwembe, kiunoni kwa Trésor, akakaza fundo mara mbili.

"Shamba ni yako ya kuvuna," mama akamwambia mbele yetu. "Mutu akikuuliza, sema nimesema."

Pikipiki ilipopotea kwenye kona, Béata alisema: "Ameniachia shamba. Sasa niko na haya ya kuingia ndani yake."

Jumatano, 3 Desemba

Hakuna habari. Kunasemwa askari walipigana njia ya kule. Kunasemwa hawakupigana.

Jumamosi, 6 Desemba

Tunang'oa maharagi. Evode amekuja bila kuitwa, akapiga maganda kwa fimbo siku nzima. Béata alimpa maji, akanywa. Sijui hiyo ni nini. Sitauliza.

Jumamosi, 13 Desemba

Simu imelia dukani saa za mchana, namba ya Trésor. Nilitoka mbio hadi mlimani, nikarudi na Béata, mikono yake ina vumbi la maharagi, tukapiga tena. Nikaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Papa akazima redio.

"Nimefika," sauti ya Mama Uwamwezi ikasema, ndogo, kama inatoka ndani ya mtungi. "Nimefika tangu Jumanne. Ni binti. Anaitwa jina yangu."

Béata alifunga macho. Mtu aliyesema kwao wote wamekufa amempa mtoto wake jina la mama yake. Nilijaribu kuelewa mtu wa namna hiyo, nikashindwa.

"Na yeye?" Béata akauliza.

"Alilia. Bibi yake akatupikia. Ni mwanamke muzuri, Béata, sitakudanganya."

"Ameuliza juu yangu?"

"Ameuliza kama barabara ya kuja huku imetengenezwa."

"Ulimujibu nini?"

"Nilimujibu bado."

Kisha simu ikakatika. Béata aliishika bado mkononi. Papa aliangalia mizani yake. Mimi nilisema, kwa kuwa mtu alipaswa kusema, kwamba labda kuuliza barabara ni kuuliza juu yake. Au labda ni kuuliza barabara tu.

"Haiko kitu," Béata akasema. Akanirudishia simu, akajipangusa mikono kwenye kikwembe, akatoka. Nikamsikia nje anamwita Evode aliyekuwa anapita na gunia begani: amesahau nusu ya mavuno mlimani, na mawingu yameisha kufunga upande wa Mushaki, mvua inakuja.

Evode alisimama. Akageuka, akapanda naye.